Bunduki kuukuu za kijeshi na raia wanaozifufua

Kila mwisho wa juma, katika viwanja vya kulenga shabaha nchini Marekani, Uingereza na Uswisi, husikika milio ya bunduki ambazo majeshi yaliyozitumia yalikwisha kuziacha zamani. Nyingine zilipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, nyingine katika vile vya Pili, na baadhi zimegongwa mihuri ya mataifa mawili yaliyokuwa mahasimu. Wanaozifyatua leo si askari. Ni mafundi magari, walimu, madereva na wastaafu walionunua silaha hizo kwa fedha zao, wakazisafisha, wakazikarabati, kisha wakazipeleka uwanjani kutoboa karatasi zilizochorwa miduara.

Kwa msikilizaji anayetoka eneo la Maziwa Makuu, ambako bunduki ya kijeshi haihusishwi na burudani hata kidogo, jambo hili huenda likaonekana la ajabu, pengine la kuchukiza. Makala haya hayakusudii kumfanya alipende. Yanakusudia kueleza namna shughuli hiyo inavyoendeshwa, na kwa nini sehemu yake kubwa si kufyatua risasi bali ni kusoma chuma: kujua silaha ilikotoka, ilipitia mikono gani, na kama mtu aweza kuiweka begani bila kupoteza jicho.

Ziada ya vita

Kati ya mwaka 1891 na miaka ya baada ya 1945, viwanda vya dunia vilitengeneza bunduki za mkono kwa makumi ya mamilioni. Ile ya Kirusi iitwayo Mosin-Nagant, iliyopokewa rasmi na jeshi la Urusi mwaka 1891, pekee yake hukadiriwa kufikia milioni 37. Kulikuwa na Mauser ya Wajerumani, Lee-Enfield ya Waingereza, Springfield ya Wamarekani na Carcano ya Waitaliano. Zote zilifanana katika jambo moja. Baada ya kila risasi, askari alilazimika kufungua kwa mkono komeo la chuma lililo nyuma ya mtutu, ganda tupu likaruka nje, kisha akalisukuma komeo mbele ili liingize risasi nyingine.

Majeshi yalipohamia kwenye bunduki zinazojijaza zenyewe, hizi za zamani zikawa mzigo wa ghala. Serikali nyingine ziliziyeyusha, nyingine zikawapa marafiki zao, na nyingine zikaziuza kwa wafanyabiashara. Katika miaka ya 1950 Mmarekani aliweza kuagiza bunduki ya kijeshi kwa posta, kama vile anavyoagiza viatu, na bei yake haikupita ya viatu kwa mbali.

Biashara hiyo ilipata sifa mbaya ghafla. Mwezi Machi mwaka 1963, Lee Harvey Oswald aliagiza kwa jina la uongo bunduki ya Carcano kutoka duka moja la Chicago. Pamoja na darubini yake, bei ilikuwa dola 19 na senti 95, bila kuhesabu gharama za posta. Tarehe 22 Novemba mwaka huo, Rais John Kennedy aliuawa mjini Dallas, na tume iliyochunguza mauaji hayo ilihitimisha kwamba bunduki hiyo ndiyo iliyotumika. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 ilikomesha uuzaji huo wa posta kwa watu binafsi na ikafunga mlango wa kuingiza nchini humo silaha za ziada za kijeshi. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1984, safari hii kwa silaha zinazohesabiwa kuwa za kumbukumbu. Bunduki iliyotimiza umri wa miaka 50 na ingali katika umbo lake la asili huingia katika kundi hilo.

Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, maghala ya Urusi na Ukraine yalifunguliwa. Mosin-Nagant zilifika Marekani katika makasha ya mbao, na katika miaka ya 2000 mtu aliweza kujipatia moja kwa chini ya dola 100. Leo huuzwa kwa mamia ya dola. Maghala yamekauka, na vikwazo dhidi ya Urusi vilivyoanza mwaka 2014 vimezidi kubana.

Grisi na chumvi

Bunduki iliyotoka ghalani haifai kupigwa siku hiyo hiyo. Imepakwa, na wakati mwingine imelowekwa kabisa, katika grisi nzito ya rangi ya kahawia iliyokusudiwa kuilinda na kutu kwa miongo mingi. Grisi hiyo imo ndani ya mtutu, ndani ya komeo, na imezama katika ubao. Wapo wanaoufunga ubao katika mfuko mweusi wa taka na kuuacha juani ili grisi iyeyuke na kutoka jasho. Wengine hutumia maji ya moto, wengine mafuta ya taa. Kila mmoja huapa kwamba njia yake ndiyo bora, na ubishi huo ni nusu ya burudani yenyewe.

Asiyeitoa grisi yote hujionea matokeo baada ya risasi kumi au ishirini. Chumba cha risasi hupata moto, mabaki ya grisi hunata kama gundi, na komeo hukataa kufunguka. Wageni wa Mosin-Nagant wameonekana wakiligonga komeo kwa kipande cha mbao huku wakimlaani aliyeitengeneza, kumbe aghalabu kosa ni la kitambaa na brashi ambavyo havikufika ndani.

Baada ya grisi huja chumvi, na hapa kemia kidogo yahitajika. Katika kitako cha kila risasi mna fataki ndogo inayopasuka inapogongwa na kuiwasha baruti. Fataki nyingi za kijeshi za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu, kwa kuwa dawa hiyo hudumu miaka mingi bila kuharibika. Ikiungua, huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo haili chuma kwa yenyewe. Huvuta unyevu wa hewa, na unyevu ndio unaoleta kutu. Aliyewahi kuishi Mombasa au Unguja na kuona mabati ya paa yanavyoliwa na hewa ya bahari hahitaji maelezo zaidi.

Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi. Maji huiyeyusha. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka uwanjani humimina maji, afadhali ya moto, ndani ya mtutu, hukausha kwa vitambaa, na ndipo hupaka mafuta. Wengi hupendelea dawa za kusafishia vioo zenye amonia, wakiamini amonia ndiyo inayoiua chumvi. Kinachofanya kazi katika chupa ile ni maji.

Maandishi ya chuma

Baada ya usafi hutokeza mihuri, na hapo ndipo wapenzi wa silaha hizi hutumia saa nyingi wakiwa na kioo cha kukuzia. Mosin-Nagant yenye nyota ilitoka kiwanda cha Tula. Yenye pembetatu na mshale ndani yake ilitoka Izhevsk. Ikiwa ina herufi SA ndani ya kisanduku, basi ilipitia Finland. Nchi hiyo ilirithi na kuteka maelfu ya bunduki za Kirusi mwaka 1918 na tena katika vita vya majira ya baridi ya 1939 na 1940. Mafundi wake walizifungia mitutu mipya, wakazirekebishia ubao, na mahali ambapo chuma hakikukaa vyema juu ya mbao wakapachika vipande vyembamba vya shaba. Silaha hizo zikageuzwa dhidi ya jeshi ambalo awali zilitengenezewa. Wafini wenyewe hawakuunda kiunzi kipya. Walitumia kile cha adui.

Uswisi ina kisa cha upole zaidi. Bunduki yake ya K31, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1933 na 1958, ilikaa nyumbani kwa askari hata katika siku ambazo hakuwa kazini. Baadhi ya askari walificha chini ya bamba la kitako kikaratasi chenye jina lao, anwani na kikosi chao. Miaka mingi baadaye, mnunuzi wa Marekani hufungua skrubu mbili na kukikuta. Wapo walioandika barua kwa anwani hizo na wakajibiwa na mwenyewe, mzee wa miaka themanini, akieleza milima aliyokuwa akiilinda.

Lee-Enfield huwagusa wasikilizaji wetu kwa karibu zaidi. Hiyo ndiyo bunduki ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliibeba hadi Burma mwaka 1944 wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Haikuundwa Uingereza peke yake. Kiwanda cha Long Branch nchini Kanada na cha Savage huko Massachusetts viliunda aina yake ya namba 4, na zile za Savage zimegongwa maneno yanayozitaja kuwa mali ya Marekani, kwa sababu zilitolewa kwa Waingereza kwa mpango wa mkopo wa vita. Wapo watu wa kwetu ughaibuni ambao hununua Lee-Enfield wakisimulia kwamba huenda ndiyo aliyoibeba babu. Yawezekana, lakini pasipo mhuri wa kikosi hakuna awezaye kulithibitisha, na muuzaji anayeongeza bei kwa ajili ya hadithi hiyo hana budi kuonyesha alama yenyewe.

Jua lililoharibu chuma

Kusoma namba si suala la historia tu. Kisa cha Springfield ya mwaka 1903 huonyesha vizuri kuliko chochote kwamba tarakimu zilizogongwa juu ya chuma zaweza kuokoa uso wa mtu.

Bunduki hiyo iliundwa katika viwanda viwili vya serikali ya Marekani, kimoja mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, na kingine Rock Island katika jimbo la Illinois. Kiunzi chake, yaani kile kipande kinachobeba mtutu na kulipokea komeo, kilipashwa moto mkali kabla ya kufuliwa na kukazwa. Hapakuwa na kipimajoto. Wahunzi wazoefu waliangalia rangi ya chuma kilichoiva na kuamua kwa macho kwamba sasa kimetosha. Ujuzi huo uliheshimiwa na kurithishwa.

Mwaka 1917, Marekani ikiwa ndiyo kwanza imeingia vitani, bunduki kadhaa zilipasuka mikononi mwa wapigaji. Uchunguzi ulipofanywa na vipima joto vikaletwa kiwandani, iligundulika kwamba macho ya wazee yalidanganywa na jua. Siku ya mwanga mkali, chuma kilichoiva kilionekana hafifu kuliko kilivyokuwa, na mhunzi akazidi kukichochea. Siku ya mawingu, rangi ile ile ilionekana mapema. Tofauti kati ya siku hizo mbili ilifika nyuzi 300 za Farenhaiti. Julian Hatcher, afisa wa jeshi la Marekani aliyeshughulikia silaha hizo, alikieleza kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1947, na tangu hapo kila mkusanyaji amekisikia.

Chuma kilichounguzwa hivyo hakionyeshi dosari kwa nje. Chaweza kustahimili maelfu ya risasi, kisha siku moja ganda likapasuka na kiunzi kikavunjika vipande kama kigae badala ya kupinda. Namna ya kukikaza ilibadilishwa mwanzoni mwa mwaka 1918, lakini bunduki takriban milioni moja zilikuwa zimekwisha kutoka kiwandani. Ndiyo sababu leo Civilian Marksmanship Program, taasisi iliyotokana na bodi ya serikali ya mwaka 1903 na kufanywa shirika lisilo la faida mwaka 1996, hushauri kutozipiga kabisa Springfield zenye namba chini ya 800,000 zilizotoka Springfield, au chini ya 285,507 zilizotoka Rock Island. Bunduki ya namna hiyo hutundikwa ukutani. Wapo wanaoshikilia kwamba yao imepigwa miaka mia na ingali salama. Hoja hiyo ni dhaifu, maana hata zile zilizopasuka zilikuwa salama hadi siku iliyotangulia.

Hatari ya pili hupatikana katika silaha zote kuukuu. Risasi ikiwa imekaa chumbani na komeo limefungwa, nafasi inayobaki nyuma ya kitako cha risasi lazima iwe ndogo mno. Ikizidi, ganda la shaba hutanuka kupita kiasi, hukatika, na gesi yenye moto hurudi nyuma kuelekea usoni. Komeo na kiunzi hulinganishwa kiwandani, lakini katika maghala ya kijeshi makomeo yalitolewa, yakarundikwa na kurudishwa ovyo. Kwa hiyo fundi hutumia vipimo viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Juu ya cha kwanza komeo lazima lifunge; juu ya cha pili, kilicho kirefu kidogo, lisifunge. Lee-Enfield namba 4 iliundwa kwa kulifikiria jambo hili: ncha ya komeo lake hufunguka, nazo zilitengenezwa kwa urefu wa ngazi nne, zikapewa namba 0 hadi 3. Mpenzi mwenye pupa huiona namba 3 na kuipachika bila kupima. Fundi hupima kwanza.

Bunduki za kabla ya baruti isiyo na moshi ni kundi lingine kabisa. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa wangali na bunduki za muundo wa 1871, ambazo kila risasi yake ilitoa wingu lililomfichulia adui alipo mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba mwaka huo, waliokota mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza pamoja na risasi zipatazo 600,000. Martini-Henry, ambayo Uingereza iliipokea mwaka 1871 na ambayo familia nyingi za Oman zingali zimeihifadhi kama urithi na kuibeba katika sherehe, ni ya kizazi hicho hicho. Chuma chake kilikusudiwa shinikizo la baruti nyeusi. Kukitia baruti ya leo ni kukitaka kipasuke.

Msumeno

Ugomvi mkubwa baina ya watu wa shughuli hii ni kuhusu kubadilisha umbo. Katika miaka ya 1950 na 1960, Mauser, Lee-Enfield na Springfield zisizo na idadi zilikatwa ubao, zikafupishwa mitutu, zikatobolewa matundu ya kufungia darubini, na kufanywa bunduki za kuwindia paa na kulungu. Mkulima aliyetaka nyama hakuwa na sababu ya kuheshimu mihuri ya silaha ya dola ishirini, na si haki kumlaumu. Leo hesabu imegeuka. Bunduki iliyobaki kamili huuzwa ghali kuliko iliyokatwa, wakati mwingine maradufu, na iliyokatwa yaweza hata kupoteza nafasi yake kisheria katika kundi la silaha za kumbukumbu, kwa kuwa umbo la asili ni sharti.

Tofauti moja huvutia. Wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Ulaya mwaka 1945 walichukua Mauser za Wajerumani kama nyara. Ili ziingie katika mifuko yao ya turubai waliukata ubao chini ya pete ya chuma, mahali ambapo mkato hauonekani. Wakusanyaji hawaoni haya kwa mkato huo. Huuona kuwa sehemu ya safari ya bunduki.

Katika hayo yote, mwandishi wa makala haya yu upande wa wanaofanya lile linaloweza kutenduliwa. Kipande cha shaba chini ya kiunzi kama walivyofanya Wafini hutolewa. Springi iliyochoka hubadilishwa na ile ya zamani huwekwa katika bahasha. Lakini kusugua meno ya kifyatulio ili kiwe laini hakurudi nyuma, na kikisuguliwa kupita kiasi bunduki hujipiga yenyewe inapogongwa.

Nani anaruhusiwa

Hapa msikilizaji aliye ughaibuni asikilize kwa makini. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho kwa kawaida humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kumiliki au hata kuwa na bunduki mikononi, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa zilizotajwa, kama vile leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi anayealikwa na rafiki kwenda uwanjani na kushikishwa Mosin-Nagant kwa dakika tano aweza kuwa ametenda kosa la jinai litakalomfukuzisha nchini. Mwenye ukaazi wa kudumu hali yake ni tofauti, ingawa majimbo yana sheria zao juu ya hiyo.

Uingereza hutoa cheti kupitia polisi, ambao hudai sababu ya kweli, kama uanachama wa klabu, na hukagua kabati la chuma la kufungia silaha. Bunduki za kujijaza zilipigwa marufuku mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka uliotangulia, isipokuwa zile ndogo za inchi .22. Lee-Enfield, kwa kuwa komeo lake huvutwa kwa mkono, inaruhusiwa, na hupigwa hadi leo huko Bisley, uwanja uliofunguliwa mwaka 1890. Haiuzwi bila mhuri wa nyumba ya majaribio ya London au Birmingham unaothibitisha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida.

Na asiwepo anayedhani ataifunga katika kontena pamoja na friji na godoro na kuipeleka nyumbani. Itifaki iliyotiwa saini Nairobi mwaka 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zikataze kabisa raia kumiliki bunduki zinazojijaza, kundi ambalo M1 Garand, kipenzi cha wakusanyaji wa Marekani, imo ndani yake. Hata ya komeo, hata iliyo mbovu, huhitaji kibali cha nchi inakokwenda, na kibali hicho huombwa kabla ya mzigo kuondoka.